Msumeno upi kwa fremu ya nguzo na boriti?

Swali: Nataka kujenga banda la nguzo na boriti zinazoungwa kwa ulimi na tundu (ncha iliyochongwa ya boriti huingia kwenye shimo la nguzo), bila misumari. Nguzo ni za sentimita 15 kwa 15, na mbao bado mbichi. Nina msumeno wa mgongo (wenye ukanda wa chuma juu yake) ninaotumia kwenye fanicha. Unatosha?

Jibu: Hautoshi, ndugu. Ulimi wa sentimita 10 unataka msumeno uzame sentimita 10 zote, na ule mgongo wa chuma utagota kwenye mbao kabla hujafika. Tafuta misumeno miwili isiyo na mgongo, yenye urefu wa sentimita 65 hivi.

Mmoja uwe wa kukata kukingama nyuzi, meno 7 au 8 kwa inchi, yaliyonolewa kwa mshazari yakawa na ncha kali. Huo ni wa mabega ya ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia na boriti inapogota kwenye nguzo. Usiubanie pesa, maana bega likienda upande, mwanya utaonekana miaka yote. Wa pili ni wa kupasulia kufuata nyuzi, meno 4 au 5 kwa inchi, yaliyonolewa moja kwa moja kama patasi ndogo ndogo.

Kama fedha inatosha mmoja tu, chukua wa kukatia. Ukishakata mabega, mashavu ya ulimi, yaani nyuso zake pana, unaweza kuyabandua kwa patasi pana, mradi nyuzi zimenyooka. Anzia mbali na mstari uone ufa unakimbilia wapi. Ufa ukielekea ndani ya ulimi, weka patasi chini upasue kwa msumeno, hata kama ni huo wa kukatia. Utatoka jasho, lakini ulimi utapona.

Sasa ubichi wa mbao. Mbao mbichi hubana bapa la msumeno, kwa hiyo meno yapindwe nje kidogo zaidi, kushoto na kulia sawasawa. Kwenye msumeno wa kukatia, laza sindano ya kushonea katika mfereji ulio kati ya safu mbili za meno, kisha inamisha msumeno: ikiteleza hadi mwisho bila kudondoka, meno yamepangwa vizuri. Paka bapa nta pia.

Misumeno ya Kijapani, inayokata ukiivuta, ni mizuri na hukata mwanya mwembamba. Ila mingi inayouzwa siku hizi ina meno yaliyokaushwa kwa moto, nchani yana weusi wa kibluu. Hayo tupa ya kunolea haiyapati. Yakiisha makali unabadilisha bapa zima.