Mafuriko hayasawazishi mikoa, nilichokiona kati ya Mbagala na Rufiji

Mkuu mtoa mada, kwa ajili ya utafiti wako wa dodoso umeuliza kama maafa kama mafuriko na tetemeko yanapunguza au yanaongeza pengo la kipato kati ya mkoa na mkoa, na kuna mchangiaji kasema maji hayachagui, yanapiga tajiri na masikini, kwa hiyo watu wanaishia kulingana. Mimi nafanya biashara ya mazao, nanunua mpunga na ufuta Rufiji na Kilwa nashusha Mbagala hapa Dar, na kwa mama yangu ni Muhoro, Rufiji, kwa hiyo nina ndugu waliopigwa na maji na nina wenzangu wanaofuata bei baada ya maji. Maji kweli hayachagui. Ila yakishakauka ndo uchaguzi unaanza, na hapo ndo nataka uangalie.

Masika ya 2024 yalikuta ardhi imeshashiba mvua za El Nino za tangu mwishoni mwa 2023. Kufika mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu akatangaza bungeni watu 155 wamefariki nchi nzima na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Rufiji na Kibiti, wilaya za mkoa wa Pwani, mashamba yakageuka bahari. Hapa mjini watu wakawa wanauliza kwa nini hawa wanalima bondeni, swali ambalo linaniumiza kila nikilisikia, maana Mrufiji analima bondeni kwa sababu ya mto wenyewe. Mto ukipanda unaacha tope, ukishuka watu wanapanda mlau, yaani mazao ya baada ya maji kushuka, kwenye unyevu ule, mahindi yanatoka bila hata kijiko cha mbolea, na wakati wa kulinda mpunga familia inahamia shambani inalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu, nyumba zikahama ila mashamba ya mpunga yakabaki kule kule. Shida inakuja maji yakizidi kipimo cha kawaida na yakikaa wiki juu ya wiki, mpunga unaoza, halafu mbegu iliyowekwa kwa ajili ya mlau nayo inaliwa kwa njaa, kwa hiyo mtu kapoteza misimu miwili kwa mpigo mmoja.

Sasa angalia kilichofuata. Mama yangu mdogo ana watoto wawili huku Dar, mmoja bodaboda mwingine yuko kiwandani, wakawa wanamtumia hela kwa simu kidogo kidogo, akanunua mbegu, akapanda maji yaliposhuka. Jirani yake hana mtu mjini. Yule akauza mikorosho yake iliyo juu huko ambayo maji hayakuifikia kabisa, yaani kitu pekee kilichosalimika ndo alichouza, kwa sababu ndo kilichokuwa na mnunuzi. Na mnunuzi alitoka Dar. Mwaka uliofuata korosho zile zilivunwa, ila hela yake sasa inahesabika huku mjini, na yule mzee anaokota korosho kwa kibarua kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Wote wawili wamepigwa na maji yale yale, kijiji kimoja, wiki moja! Hii haipo kwenye ripoti yoyote ya hasara kwa sababu tathmini ya maafa inahesabu nyumba zilizobomoka na ekari zilizozama, haihesabu mali iliyobadilisha mikono miezi sita baadaye.

Halafu barabara. Mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, kikapiga Mafia na pwani ya kusini, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, malori yakalala pande zote mbili. Mwenye mzigo kule kwenye mbogamboga na samaki akawa anauza kwa bei ya kutupa au anamwaga, huku Mbagala mwenye stoku anapandisha. Sisemi wafanyabiashara ni wabaya, mimi ni mmoja wao na lori likilala njiani dereva anataka posho na mzigo unaharibika. Nasema tu kwamba barabara ikikatika bei inashuka kwa mzalishaji na inapanda kwa mlaji kwa wakati mmoja, na anayebaki na tofauti ni yule mwenye ghala na mtaji, na huyo mara nyingi hakai Kilwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakiongelei ni hela ya msaada inakoenda. Maafa yakitokea utasikia zimepelekwa mamilioni kadhaa mkoa fulani, lakini kilichopelekwa ni unga, magodoro, mablanketi, mabati, saruji. Vimenunuliwa wapi? Godoro limenunuliwa Kariakoo, saruji ya Wazo, lori la mtu wa Dar. Mkoa ulioathirika unabaki na kibarua cha fundi na wasaidizi wake, ambayo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila faida imerudi ilikotoka. Hata Hanang, mkoani Manyara, baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 waliobomolewa walijengewa nyumba, jambo jema kabisa na nalipongeza, lakini mwenye duka pale Katesh ambaye stoku yake ilifukiwa na tope nyumba haimrudishii mtaji.

Kuhusu takwimu kuwa makini sana mkuu. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 unaonyesha umaskini Dar ulikuwa asilimia 8, Lindi 38, Rukwa 45, kwa hiyo pengo lilikuwepo kabla ya mvua kunyesha na maafa yanaingia mlango ulioachwa wazi. Lakini chukua Pwani. Ni mkoa wenye viwanda kibao Kibaha na Mkuranga, kwa hiyo Rufiji yote inaweza kuzama na pato la mkoa likaendelea kupanda kwenye karatasi. Ukilinganisha mkoa kwa mkoa hutaiona Rufiji kabisa, shuka mpaka wilaya, ikiwezekana kata. Na Kagera usije ukasema tetemeko la Septemba 10, 2016 ndo limeirudisha nyuma, ule mkoa ulishapita vita, ukimwi na mnyauko wa migomba, tetemeko lilikuta watu wameshachoka.

Dar nayo si moja. Mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao, na mpangaji ambaye hakuwa na nyumba hakuwa na cha kupewa. Mama ntilie akipoteza masufuria na mtaji wa siku mbili anakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa wa mtaani, na huo ndo unaommaliza, maana maji yanaondoka ila rejesho linagonga mlango kila wiki.

Mimi ningekuwa na sauti ningetaka hela taslimu iwafikie watu wiki za mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kutafuta wa kuwauzia mashamba, na mbegu za mlau ziwe kijijini siku maji yanaposhuka, siyo baada ya mwezi wakati unyevu umeshaisha.

Kwa hiyo kwenye dodoso lako usiishie kuuliza umepoteza nini. Uliza uliuza nini baada ya maji, kwa bei gani, aliyenunua anaishi wapi, na nani alikutumia hela. Mwenyekiti wa kitongoji ndo anashuhudia karatasi nyingi za kuuziana mashamba, ukimkuta ana muda atakueleza mengi. Ukiwa tayari kwenda Muhoro njoo inboksi nikupe mtu wa kukupokea, ila usiende masika.