Ekseli kwanza, rimu baadaye

SWALI: Fundi habari za kazi, na shikamoo kama umenizidi umri. Nina Ford Escort Mk2 niliyoachiwa na mzee, injini ya 1.3 nimeitoa nikaweka ya lita 2 na gia boksi yake, ila ekseli ya nyuma ni ileile iliyokuja na gari. Sasa nataka rimu pana za inchi 15, nimepata seti nzuri sana lakini ni 4x100, fundi mmoja kaniambia zitaingia tu tukitanua tundu kidogo, na ekseli ikizingua atakata shafti achomelee. Nifanyeje, sitaki kuharibu gari ya mzee.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo rimu usizifunge kabisa. Escort ni 4x108, yaani ukichora duara linalopita katikati ya stadi zote nne (zile bolti za kufungia rimu) upana wake ni milimita 108, hizo zako ni 100, kwahiyo kila stadi inakosa tundu lake kwa milimita 4 nzima. Ukitanua tundu, nati haina tena ile koni ya kukalia, inashika upande mmoja, gari ikitembea inalegea kidogo kidogo mpaka siku stadi inakatika. Nimeshawahi kushika stadi ya hivyo: sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini ina mistari mistari kama mawimbi yanavyoacha kwenye mchanga, na kipande kidogo tu kimekwaruzika, maana yake ilikuwa inakatika taratibu siku nyingi na mwenye gari anapakia watoto kila asubuhi hajui. Tafuta rimu za 4x108 basi, usichoke kutafuta.

Tuje kwenye ekseli, hapo ndo penye roho za watu. Hiyo yako shafti moja inafanya kazi mbili, inazungusha tairi na hapohapo inabeba uzito wa gari. Huku mwisho kuna beringi, na nyuma ya beringi kuna kola ya chuma iliyoingizwa kwa presi, hiyo kola ndo inazuia shafti isichomoke, ikihama tu basi shafti, dramu na tairi vyote vinatoka nje kwa pamoja. Kwahiyo ukibadilisha beringi weka kola mpya, iingizwe kwa presi, mtu akikuletea habari za nyundo kataa. Na kumbuka injini ya lita 2 inasokota zaidi, afu tairi pana linashika lami vizuri, zamani tairi likiteleza lilikuwa linaiokoa shafti, sahivi haliteleze, mzigo wote unaishia kwenye meno ya shafti.

Mimi ningetafuta ekseli ya Atlas, ile kubwa iliyofungwa kwenye Ford Capri, stadi zake nazo ni 4x108. Ila pima flenji kwa flenji (zile sahani za mwisho wa shafti zinapofungwa rimu) kabla hujailipia, ya Capri ni pana kuliko yako, pamoja na mahali pa kukalia springi napo patafanyiwa kazi. Kama gari ni ya mashindano nenda kwenye ekseli ambayo habu, yaani kile kitovu kinachofungwa rimu, inakaa juu ya bomba la ekseli lenyewe na beringi zake, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Malori makubwa ndo yalivyo, fundi anafungua bolti, anachomoa shafti yote na lori limesimama palepale juu ya matairi yake. Hapo shafti hata ikatike tairi linabaki.

Kuchomelea shafti hapana, hapana tena. Chuma kile kimekomazwa kwa moto kiwandani, ukikipiga weldingi ule ukomavu unaharibika pale pembeni ya mshono na ndo patakapokatikia. Ikibidi ifupishwe, ikatwe mwisho na ichongwe meno mapya na mtu mwenye mashine ya kazi hiyo.

Rimu zenyewe sasa, usiangalie inchi tu, angalia na ofuseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokalia habu. Tuseme ya zamani ni upana inchi 5.5 ofuseti milimita 25 na mpya ni inchi 7 ofuseti milimita 10: kwa nje inatokeza milimita 34, kwa ndani inaongezeka 4 tu. Hizo 34 ndo zitakula madigadi, na zinazidi kuzielemea beringi. Funga tairi moja, pakia watu, zungusha staringi mwisho mpaka mwisho uone linagusa wapi.

SWALI: Nimeweka spesa (vile visahani vya kusogeza rimu nje) za milimita 15 mbele ili rimu isiguse kalipa ya breki, nati inashika mizunguko minne inakaza freshi. Niendelee?

JIBU: Usiitembeze hiyo gari. Nati inatakiwa ishike angalau urefu sawa na unene wa stadi, stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, yaani kila mzunguko nati inasogea milimita 1.5, ni mizunguko 8, wewe una nusu. Kukaza freshi kusikudanganye, uzi mchache unakaza vizuri tu siku ya kwanza. Weka stadi ndefu zinazoingia kwa presi, spesa ikae kwenye kitovu cha habu bila kucheza, na nati ziwe za umbo la kiti cha rimu, koni kwa koni, duara kwa duara. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, afu baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia tena tairi zikiwa zimepoa.