Yapo, tena mengi
Ndugu, umeuliza kama hisabati imebakiza chochote cha kutafiti. Imebakiza, tena maswali mengine hata mwanafunzi wa darasa la sita anayaelewa. Chukua namba tasa pacha, zinazopishana kwa 2: 11 na 13, 17 na 19. Je, jozi hizo zina mwisho? Hakuna aliyethibitisha. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri ambaye wengi hawakumjua, alionyesha kuna jozi zisizo na kikomo zinazopishana kwa chini ya 70,000,000. Kufikia 2014 watafiti wengine walishusha hadi 246. Hapo pamegoma. Mbinu za kuchuja, yaani kuondoa namba zinazogawanyika kwa namba tasa ndogo, peke yake hazifiki 2, kwani hazitofautishi namba yenye vigawo tasa idadi shufwa na yenye idadi witiri; yaani haziwezi kutenga namba tasa, yenye kigawo tasa kimoja, na zao la namba tasa mbili.