Jani la isale tulilipokea

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikasingizia maharage yanaungua. Ulisema: "Mama, familia ilishapokea isale, jani la kuombea msamaha, ya yule dada aliyefungwa kwa kifo cha mjomba, sasa mbona unamkatalia asije Desemba?" Halafu ukanisimulia habari za Caril Ann Fugate wa Nebraska, ukataka kujua kama na yeye ningemnyima msamaha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia.

Huyo wa Marekani alikuwa na miaka 14, mpenzi wake Charles Starkweather miaka 19. Januari 1958 watu kumi waliuawa kwa siku chache, wakiwemo mama mzazi wa binti, baba yake wa kambo na mdogo wake wa miaka 2. Kijana aliuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1959. Binti alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1976, na siku zote amesema alikuwa mateka. Mwaka 2020, akiwa na miaka 76, aliomba msamaha wa jimbo, akanyimwa. Na mjukuu wa mume na mke wengine waliouawa alikuwa upande wake.

Huyo mjukuu ndiye aliyeninyima usingizi. Alizaliwa msiba umeshapita, akaukuta umekaa nyumbani kwao.

Kama wewe. Ulizaliwa miaka miwili baada ya mjomba wako kufa, na ulikuwa ukinilalamikia kwa nini sisi tunafunga mlango magharibi wakati watoto wa jirani bado wanacheza nje, kwa nini ukitoka stendi lazima baba yako aje kukuchukua. Sikuwahi kukueleza vizuri. Mjomba wako alikuwa dereva wa teksi. Usiku ule alisimamishwa na kijana na binti, wameshikana mikono, akawaonea huruma kwa sababu ya mvua. Walichukua fedha za siku ile na saa yake. Alikutwa asubuhi barabara ya Kiboriloni. Kinachoniuma mpaka leo ni ile huruma. Kama angepakia wanaume wawili angejihadhari, lakini wapenzi?

Kijana alifia gerezani. Binti alifungwa, akatoka, na mama yake akapanda mpaka kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na jani la isale mkononi. Unajua kwetu Wachaga jani hilo halirudishwi. Bibi yako alilipokea kwa mikono miwili, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Mimi nilikuwa jikoni. Sikukataa, ila sikutoka pia.

Kwa hiyo ukisema "familia ilipokea", ni kweli. Hatulipizi, hatuwasemi vibaya, tukikutana na mama yake sokoni Mbuyuni tunasalimiana, na alipofiwa nilipeleka mchango. Hayo ndiyo isale inayodai, nami nimeyatimiza yote. Lakini wifi yangu hadi leo hapandi teksi yenye mtu mwingine ndani, na bibi yako alikufa akiwa bado anaacha sahani moja ya ziada. Jani halikuyagusa hayo, wala hakuna aliyetuahidi kwamba litayagusa.

Kuhusu Fugate, mimi ningempa ile karatasi aliyoiomba. Miaka 14 ni mtoto, na yeye mwenyewe alimpoteza mama na mdogo. Ila nisingemwambia ndugu wa marehemu yeyote kwamba sasa yameisha.

Desemba sitaki aje. Nyumba itajaa, watoto watamuuliza ni nani, na wifi atakuwepo. Mwambie aje Januari, mkishateremka wote. Aje mchana. Nitampeleka mwenyewe kwenye kaburi chini ya migomba, na safari hii sitabaki jikoni.

Mama yako
Moshi