Maembe yenye funza: anzia chini ya mti, dawa baadaye

Mkuu uliyeuliza kuhusu mwembe wako wa dodo huko Kibaha, kwamba embe linapendeza nje lakini ukilipasua ni funza watupu, umepuliza dawa hadi umechoka na sasa nyumbani wanataka ukatwe: tafadhali usiukate. Huyo ni nzi wa matunda, na dawa haikumfanya kitu kwa sababu ulipoona funza, tayari walikuwa ndani ya nyama ya embe, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki.

Nina miembe Mkuranga, ile mirefu ya dodo ya wazee na michache ya kubebeshwa aina ya Apple, kwa hiyo adui huyu namfahamu. Anayetutesa zaidi asili yake ni Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Kitaalamu anaitwa Bactrocera dorsalis. Ukubwa wake unakaribia wa nzi wa nyumbani, ila umbo ni kama la nyigu, na ana mistari miwili ya njano mgongoni.

Chukua embe lililoanza kukomaa ulitazame kwa karibu. Pale jike alipotaga utaona kitundu kama cha ncha ya sindano, mara nyingi na tone la utomvu lililogandia hapohapo. Baadaye pale panakuwa kahawia na ukibonyeza panabonyea. Funza wanakula humo kama wiki moja, embe linaanguka, nao wanatoka. Ukitaka kuamini, weka embe la namna hiyo kwenye sinia: funza aliyekomaa anajikunja, halafu anaruka! Anatafuta udongo. Anajichimbia sentimita chache tu, anakuwa pupa, yaani anajifunika ganda gumu kabla ya kugeuka nzi, na kwa joto letu la pwani baada ya siku kama 10 anatoka nzi mpya anayerudi mtini.

Sasa fikiria embe unalolitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Hapo hujamuua hata mmoja, umewahamisha tu. Ndiyo maana nasema kazi kubwa iko chini. Msimu ukianza, okota maembe yaliyoanguka kila siku, asubuhi, kabla funza hawajatoka, na yaliyo mtini yenye madoa laini uyaangue. Kama una mbuzi au nguruwe wape siku hiyohiyo. Kama huna, yafukie chini ya nusu mita ya udongo ulioshindiliwa, au yatie kwenye ndoo kuukuu ya rangi yenye mfuniko unaobana, uiache juani wiki mbili. Mimi natumia ndoo. Watoto wanaiweza, na haihitaji kuchimba ardhi ngumu ya kiangazi.

Mitego inasaidia, lakini ujue inakamata nini. Ile ya siki inayosambazwa mitandaoni inavuta vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu, siyo huyu. Chambo cha methyl eugenol, ambacho baadhi ya maduka ya pembejeo wanacho, kinavuta madume peke yake. Majike wenye mimba wanaendelea kutaga, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Tundika mtego kwenye kivuli, na waya wake upake grisi, la sivyo sisimizi watakula nzi waliokufa nawe utadhani mtego haufanyi kazi. Kwa majike kuna chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu kidogo: unanyunyizia sehemu ndogo tu ya majani, kila wiki, tangu maembe yakiwa bado machanga. Soma kibandiko kuhusu kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Kuosha mti mzima kwa dawa kali sikubaliani nako kabisa, hasa wakati wa maua, maana unaua nyuki wanaokuletea hayo maembe.

Miti mifupi ya kubebeshwa, funika tunda mojamoja kwa mfuko wa karatasi likiwa bado dogo na gumu. Kwa dodo mrefu haiwezekani; hapo nawategemea maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota. Wanawinda nzi, na harufu wanayoiacha kwenye tunda inamfanya jike asite kutaga. Ukiwa nao usiwachome moto. Wakiwa mti mmoja tu, funga kamba hadi mti wa pili, watavuka wenyewe. Siku ya kuchuma watakuuma, hilo lazima ulivumilie. Pia wanalinda vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, kwa hiyo matawi yaliyojaa utando mweupe yakate.

Na usiache maembe yaivie mtini. Yakikomaa na mabega kujaa, chuma, uyavundike ndani.

Jambo la mwisho, tazama kuna nini jirani na mwembe. Mpera na mkungu, ule mti wa kivuli unaozaa kungu, ni makazi ya nzi huyuhuyu, na inamlisha wakati maembe hayapo. Kama kuna mkungu wa kivuli uani, mapera na kungu zinazoanguka nazo ziingie kwenye ndoo. Kama mti uko upande wa jirani, mpelekee ndoo ya pili na umweleze, kwa sababu nzi wake ndio watakaokuja kwako.