Wasomaji wauliza: kuandaa safari ya kuwinda nyati

SWALI: Naendesha gari la watalii hapa Nakuru. Mgeni wangu wa miaka mingi, Mjerumani, anataka kuwinda nyati mwaka ujao na ameniomba nimpangie safari. Jamaa mmoja ananiambia kuna ranchi Laikipia ambako mambo yanaweza kufanywa kimyakimya. Nianzie wapi? (Dereva, Milimani, Nakuru)

JIBU: Ndugu dereva, anza kwa kumkwepa huyo jamaa. Kuwinda kwa burudani kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inauhesabu uwindaji huo kuwa kosa la jinai, hata mnyama awe ndani ya ua wa ranchi ya mtu. Mgeni atapanda ndege aende zake, na wewe uliyempeleka kwa gari lako ndiye utakayebaki kujibu.

Nyati wa halali aliye karibu yuko Tanzania. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai, na miezi mizuri ni ile ya kiangazi kabla mvua hazijaanza, maana nyasi zikiwa fupi na maji yakiwa machache makundi hayatawanyiki. Hifadhi za taifa haziguswi. Uwindaji hufanyika katika mapori ya akiba, yaani maeneo ya wanyamapori ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, kama Maswa na Rungwa, na katika maeneo mengine yaliyogawanywa vitalu. Kampuni hupewa kitalu pamoja na mgao wa wanyama kwa mwaka, ndiyo sababu mgeni anayetaka Agosti aanze kuuliza Agosti iliyotangulia. Mgao wa kitalu kizuri huwahiwa.

Hawezi kuwinda peke yake. Lazima aongozwe na mwindaji bingwa mwenye leseni, na askari wa wanyamapori wa serikali huandamana nao. Safari ya nyati huchukua siku 7 hadi 10. Akitaja simba au chui ajiandae kwa siku nyingi zaidi, hata 21, na vibali vya kusafirisha nyara, yaani ngozi, pembe na fuvu anavyopeleka kwao, vitamchukua miezi zaidi.

Kabla hajatuma senti, kampuni imwandikie bei kwa mafungu: ada ya kila siku, ada ya kila mnyama, leseni, ndege ndogo ya kwenda kambini, kushughulikia ngozi na pembe, na usafirishaji. Bei moja ya jumla ndiyo huzaa ugomvi siku ya mwisho. Tena aelewe mapema kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa. Tone la damu kwenye jani linatosha.

Bunduki ya nyati isipungue .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Risasi ya kwanza iwe laini, ile inayotanuka ikiingia mwilini, na zinazofuata ziwe ngumu, zisizotanuka, kwa sababu nyati akishapigwa mara ya kwanza hugeuka na kukupa mgongo, na risasi inalazimika kupenya nyama nyingi na mfupa. Mashirika ya ndege huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, katika kisanduku kilichofungwa, mbali na bunduki. Risasi 60 za .375 zinamtosha na hazifiki kilo 3. Mgeni atue moja kwa moja Kilimanjaro au Dar es Salaam. Akishuka Nairobi na bunduki atahitaji kibali cha Kenya pia, na karatasi moja ikichelewa safari nzima inakwama. Nyara nazo zisirudi kupitia huku. Zitoke Tanzania hadi kwake.

Muda uliobaki autumie kufanya mazoezi. Watu wengi hulenga shabaha wakiwa wameketi mezani, halafu porini wanatakiwa kupiga wamesimama, pumzi juu, bunduki ikiwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja. Arekebishe darubini ya bunduki kwa mita 100, kisha apige wima kwenye fito kwa mita 50 na 80, risasi chache kila siku. Akipiga nyingi mfululizo bega litauma, naye ataanza kufumba macho kabla ya mlio.

Nyati akisimama ubavu, afuate mguu wa mbele kwa jicho kwenda juu, akomee theluthi ya chini ya mwili. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kupiga juu. Nundu ile ya mabegani humdanganya mtu: ndani yake ni mifupa mirefu ya mgongo na nyama, wakati moyo uko chini kabisa, baina ya miguu. Aliyepigwa juu au tumboni hukimbilia kichakani na kungoja. Hata akishaanguka, asogelewe kwa nyuma na kuguswa mboni kwa ncha ya mtutu. Jicho likipepesa, apigwe tena.

SWALI: Mume wangu amealikwa na mwajiri wake kwenda kwenye kambi ya uwindaji Tanzania kama mtazamaji. Nimfungie nini? (Mama wa Kondele, Kisumu)

JIBU: Mama, kwanza cheti cha homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo asiiache hadi wiki ya safari.

Nguo ziwe za kijani kibichi kilichofifia au kahawia, mikono mirefu, kitambaa kizito. Msiweke buluu wala nyeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa rangi hizo hizo mbili kwa sababu ndizo zinazomvuta, na aliyepita bonde la Lambwe atakuwa ameiona. Watanzania humwita ndorobo, naye hung'ata kupitia shati jepesi bila shida. Nguo za mabaka ya kijeshi msithubutu. Viatu viwe vile ambavyo ameshavitembelea miezi miwili, si vipya, kwa kuwa kufuata nyayo za nyati kunaweza kuwa kilomita 15 kwa siku.

Kuzaliwa kando ya ziwa hakumkingi na malaria kama watu wanavyodhani. Alale ndani ya chandarua na amwone daktari kuhusu dawa ya kinga. Akirudi akapata homa, hata wiki kadhaa baadaye, amweleze daktari waziwazi kwamba aling'atwa na mbung'o. Asipotaja, atapimwa malaria tu, na ugonjwa wa malale uendelee kumla.

SWALI: Nachuna ng'ombe kwenye kichinjio huku Njoro. Kambi moja ya Tanzania inanihitaji msimu ujao. Ngozi si ngozi tu? (Mchunaji, Njoro)

JIBU: Hapana, kaka. Ya ng'ombe inakwenda kiwandani, ambako nywele huondolewa kwa chokaa. Ya nyara, nywele ndizo mali yenyewe. Bakteria wakianza kula shina la nywele, ukivuta kidogo zinakuja na kidole, na hapo hakuna dawa.

Ngozi ya kichwa na shingo ikatwe nyuma sana ya mabega, isikatwe chini ya koo. Masikio yageuzwe nje hadi ncha, midomo ipasuliwe ndani, nyama ya kope na pua itolewe yote. Shingo ya nyati dume ni nene mno, hivyo ipunguze kwa kisu upande wa ndani, la sivyo chumvi haifiki kwenye mizizi ya nywele. Tumia chumvi laini, si ya mabonge, kilo kwa kilo ya ngozi mbichi, uisugue hata kwenye mikunjo ya masikio. Fanya hivyo saa chache tu baada ya kuchuna. Kesho yake kung'uta, mwaga maji yaliyotoka, tia chumvi mpya. Kisha tandaza juu ya fito kivulini penye upepo. Jua huikausha juu na kuiozesha ndani, na mfuko wa nailoni huiozesha kwa usiku mmoja. Ikunje kabla haijakakamaa.

Fuvu unapolichemsha, pembe zibaki juu ya maji. Na kabla hujavuka mpaka, hakikisha kampuni imekutolea kibali cha kazi. Pasipoti peke yake haikuruhusu kufanya kazi huko.