Ruta inasahau kila umeme ukikatika, na kompyuta hazionani

Swali

Shikamoo kaka. Niko Moshi, Majengo. Nimemaliza diploma ya TEHAMA mwaka jana, sasa namsaidia mzee dukani kwake kwenye vifaa vya simu huku najisomea CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, jioni. Nimenunua ruta mbili za mtumba, Cisco 1941, za kufanyia mazoezi. Nina mambo matatu.

Moja, ruta ninayoiita R1 kila umeme ukikatika inaamka tupu na kuniuliza kama nataka kuanza kuisanidi, wakati niliandika `write memory` na ikanijibu `[OK]`. Mbili, nikiwa ndani ya R1 nikipiga ping (ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) kompyuta iliyo nyuma ya R2, inajibu. Lakini kompyuta iliyo nyuma ya R1 ikipiga ping kule kule inapata `Request timed out`. Nimebadilisha kebo, nimezima fayawoli kwenye kompyuta zote mbili, nimefuta kila kitu na kuanza upya mara nne. Tatu, akiba yangu inatosha mtihani mmoja tu. Nifanye Network+ wa CompTIA, CCNA au ule wa MikroTik, watengenezaji wengine wa ruta? Konfigi za ruta zote mbili, zile ninazobandika kutoka faili langu la Notepad, nimekutumia.

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo mara nne. Konfigi zako nimezisoma nikiwa nasubiri chai hapa Kijenge, Arusha, na habari njema ni kwamba hakuna kifaa kibovu. Kebo zako za zamani zirudishe mahali pake.

Tuanze na hiyo ruta inayosahau. Washa R1, hata kama imeamka tupu, ingia kwa kebo ya konsoli, andika `enable`, kisha `show version`. Usisome juu, shuka hadi mstari wa mwisho kabisa. Nina hakika utakuta hivi:

```
Configuration register is 0x2142
```

Ruta iliyo salama inaonyesha `0x2102`. Tofauti ya namba hizo mbili ni 0x40, yaani biti moja tu, na kazi ya biti hiyo ni kuiambia ruta: ukiwaka, usisome konfigi iliyohifadhiwa. Kwa hiyo ulipoandika `write memory` ruta haikukudanganya. Iliandika kweli, kwenye NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikata. Ila ikiwaka inapita mlangoni mwa hiyo kumbukumbu bila kubisha hodi.

Namba hiyo ilitoka wapi? Kwa aliyekuuzia, au aliyemuuzia yeye. Ruta ya mtumba mara nyingi inafika ikiwa na nenosiri la ofisi ya zamani ambalo hakuna anayelijua. Fundi anaikatiza ikiwa inawaka, anaingia kwenye `rommon`, programu ndogo ya kuwashia ruta, anaandika `confreg 0x2142`, ruta inaamka bila kumuuliza nenosiri, anafurahi, anaiweka kwenye boksi. Kurudisha 0x2102 ndiyo hatua inayosahaulika. Ni kama koti la mtumba la pale soko la Memorial: kabla hujalivaa, pekua mifuko. Kwa ruta, mfuko wa kwanza kupekua ni huo mstari wa mwisho wa `show version`.

Sasa, taratibu hapa, maana ndipo watu wanapojimaliza. Ruta ikiwa imeamka tupu, ukiandika `write memory` unahifadhi utupu juu ya kazi yako. Kwa hiyo kwanza andika `show startup-config` uone kilichomo. Kama konfigi yako ya mwisho ipo, ilete kwenye kumbukumbu ya kazi:

```
Router# copy startup-config running-config
```

Tazama upande wa kushoto wa skrini ukishabonyeza Enter. `Router#` inageuka kuwa `R1#`. Jina lako limerudi, maana yake konfigi imerudi. Lakini usishangilie bado. Andika `show ip interface brief` na utaona milango yako, yaani sehemu za kuchomeka kebo za mtandao, imeandikwa `administratively down`. Sababu ni kwamba ruta tupu inawaka milango ikiwa imefungwa, na konfigi iliyohifadhiwa haina mstari wa `no shutdown` ndani yake, kwa hiyo hakuna kilichoifungua. Ingia kwenye kila mlango unaoutumia uandike `no shutdown` mwenyewe. Halafu:

```
R1# configure terminal
R1(config)# config-register 0x2102
R1(config)# end
R1# copy running-config startup-config
R1# show version
```

Safari hii mstari wa mwisho utasema `Configuration register is 0x2142 (will be 0x2102 at next reload)`. Hayo maneno ya kwenye mabano ndiyo unayoyatafuta. Andika `reload`, kisha chomoa umeme kwa makusudi mara moja zaidi uone inaamka na jina lake.

Nimelijua hili kwa njia ya gharama. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naihudumia loji moja upande wa Karatu, mimi nikiwa Arusha. Nilitaka kubadilisha sheria za kuruhusu na kuzuia trafiki kwa mbali, na mtu mwenye akili akifanya hivyo huandika kwanza `reload in 10`: akijifungia nje kwa bahati mbaya, baada ya dakika 10 ruta inajiwasha upya na kurudi kwenye konfigi ya zamani, na kama mambo yameenda sawa anaandika `reload cancel`. Nikajifungia nje kweli, nikakaa kusubiri kwa utulivu wa mtu aliyejipanga. Dakika 10 zikapita, 15, 20. Ruta iliamka, ila ilikuwa ya mtumba, na ilikuwa na 0x2142. Ilikuwa imekaa pale inauliza `Would you like to enter the initial configuration dialog?` na hakuna wa kuijibu, huku meneja ananipigia simu kwamba wageni wamejaa mapokezi. Nikapanda gari: Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ule mlima wa Manyara, zaidi ya kilomita 100 kwenda kubadilisha tarakimu moja. Tangu siku hiyo sigusi ruta ya mtu kabla ya kusoma `show version`.

La ping sasa. Hili nalipenda zaidi, na nitalichukua polepole kwa sababu majibu yote ulikuwa nayo mezani.

Mchoro wako ni huu: nyuma ya R1 kuna 192.168.10.0/24, nyuma ya R2 kuna 192.168.20.0/24, na katikati kiungo cha 10.0.0.0/30, R1 ikiwa .1 na R2 ikiwa .2 (namba baada ya mkwaju inaonyesha ukubwa wa mtandao). Unasema R1 inapiga ping 192.168.20.10 na kujibiwa, kompyuta yako haijibiwi. Jiulize: ruta ikipiga ping, inatumia anwani ipi kama ya mtumaji? Inatumia ya mlango inamotokea pakiti, hapa 10.0.0.1. Na R2 inaijua 10.0.0.0/30 bila kufundishwa, kwa kuwa imeunganishwa nayo moja kwa moja. Jibu linarudi. Kompyuta yako inatuma ikiwa na 192.168.10.5. Pakiti inafika hadi kule, kompyuta ya pili inajibu kwa adabu kabisa, jibu linafika R2, na R2 inatazama jedwali lake la njia: huyu 192.168.10.5 namfikishia wapi? Haijui. Inalitupa.

Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye skrini yako. Kama ni R1 iliyokosa njia, R1 ingekwambia yenyewe, na ungeona `Reply from 192.168.10.1: Destination host unreachable`. Wewe uliona `Request timed out`, ukimya. Ukimya ukiwa unajua fika kwamba njia ya kwenda ipo, tazama njia ya kurudi. R2 ilipolitupa lile jibu, malalamiko iliyapeleka kwa kompyuta iliyotuma jibu, siyo kwako.

Na fayawoli? Ungeweza kuiondoa kwenye orodha ya washukiwa bila kuizima. R1 yenyewe ni mgeni kwa kompyuta ile, ina anwani ya mtandao mwingine, na kama ilijibiwa hata kabla hujaizima fayawoli, basi fayawoli haina kosa. Nenda ukaziwashe zote mbili kabla hujaendelea kusoma.

Njia ya kuthibitisha bila kutoka kwenye kiti ni kuilazimisha R1 ijifanye kompyuta yako, kwa kutuma ikitumia anwani ya mlango unaoitazama kompyuta hiyo:

```
R1# ping 192.168.20.10 source GigabitEthernet0/0
```

Utapata nukta tano, `.....`, badala ya alama za mshangao zinazomaanisha jibu limerudi. Tatizo limekuja mkononi. Nenda R2, andika `show ip route`, utaona:

```
S    192.168.1.0/24 [1/0] via 10.0.0.1
```

Soma tena. 192.168.1.0. Mtandao wako ni 192.168.10.0. Sifuri moja, mdogo wangu. Na kwa kuwa kila ulipofuta ulibandika upya konfigi ile ile kutoka kwenye faili lako la Notepad, sifuri ilikosekana mara zote nne. Rekebisha hivi, na usisahau mstari wa kwanza, maana kuongeza njia sahihi hakufuti ile mbaya:

```
R2(config)# no ip route 192.168.1.0 255.255.255.0 10.0.0.1
R2(config)# ip route 192.168.10.0 255.255.255.0 10.0.0.1
```

Kisha rekebisha na lile faili la Notepad.

Nikukosoe kidogo hapo. Kufuta kila kitu kunatuliza roho, lakini kunafuta na ushahidi. Zoea kuandika amri za `show` tupu, pande zote mbili, na kalamu mkononi, kabla hujaingia kwenye `configure terminal`. Wanaokuja kwangu kuomba kazi nawapa meza yenye ruta mbili na kosa kama hili lako. Anayeanza kwa kuchomoa kebo namjua ndani ya dakika moja.

La mitihani nitalisema kwa kifupi. Network+ ya sasa ni N10-009: maswali hayazidi 90, dakika 90, na kufaulu ni alama 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Ni mtihani mzuri wa misingi isiyofungwa na kampuni moja, lakini wewe misingi unayo, usiutolee akiba yako. MTCNA wa MikroTik kwa kawaida unaupata kupitia mafunzo ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na cheti kinaishi miaka 3. CCNA, 200-301, ni dola 300, dakika 120, na cheti chake nacho ni miaka 3. Lipia CCNA.

Ila usichanganye cheti na mkate. Ukizunguka loji, hosteli na ofisi ndogo za Arusha na Moshi utakutana na MikroTik nyingi kuliko Cisco, kwa sababu ya bei na kwa sababu inafanya hotspot ya wageni bila leseni za ziada. Tafuta kaboksi kamoja kadogo, kama hAP lite, ukajue kwa vidole: DHCP (kugawa anwani), NAT (wengi kutumia anwani moja ya intaneti), hotspot, na ile Safe Mode yake, ambayo ukijifungia nje inarudisha ulichobadilisha. Ningekuwa nayo Karatu nisingepanda ule mlima.

Katika CCNA, sehemu ya kupeleka pakiti kati ya mitandao peke yake ni asilimia 25. Hilo kosa lako la sifuri liko humo ndani. Misingi ya mitandao na swichi ni asilimia 20 kila moja, usalama 15, huduma za IP 10, otomatiki 10. Swichi huna, na usinunue, tumia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ambayo ni bure. Kugawa sabneti, yaani kukata mtandao vipande vidogo, fanya kwa kalamu, kila siku, mpaka mtu akikuamsha usiku na kukuuliza /27 ina kompyuta ngapi ujibu 30 kabla hujafumbua macho.

Yale maswali yaliyovuja yanayosambazwa kwenye magrupu, achana nayo. Cisco wakikugundua wanafuta cheti, na wasipokugundua utagunduliwa mezani kwa mtu kama mimi.

Mtihani unaruhusiwa kufanyiwa kituoni au nyumbani, mbele ya kamera yako mwenyewe. Kwa umeme wa huko Majengo ulivyonisimulia, panda basi uende kituoni.